Miaka minne na gari haibridi: betri niliyoiogopa siyo iliyonikwamisha

Mwenye gari haibridi ana maswali mawili anayoulizwa mpaka anachoka. La kwanza: unalichomeka wapi? La pili: hiyo betri ikifa utafanyaje? La kwangu ninalo mwaka wa nne sasa, nimelitembeza kilomita 71,000, nikaona niandike jibu moja refu ili nipumzike.

La kwanza ni jepesi. Silichomeki popote. Ni haibridi ya kawaida, injini ya petroli ya lita 1.8 ikisaidiana na mota ya umeme, na betri imefichwa nyuma ya kiti cha nyuma. Umeme linajitengenezea lenyewe, mwingine kutoka kwenye injini, mwingine kila ninapopunguza mwendo. Zipo haibridi za kuchomeka ukutani, zenye betri kubwa zaidi, ila hizo sijaziendesha na sitazisemea.

La pili nitalifikia. Kwanza niwape raha yake.

Asubuhi ya kwanza nilikanyaga breki, nikabonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza tena, taa zote zikazimika. Nikabonyeza mara ya tatu, nikashuka kufungua boneti. Kumbe gari lilikuwa limewaka tangu mara ya kwanza na mimi ndiye niliyelizima. Hakuna mngurumo wa kukuambia kuwa tayari; kuna neno READY la kijani kwenye dashibodi, basi. Hata stata ya kawaida halina. Mota moja ya umeme ndiyo inayoizungusha injini pale inapohitajika, na hiyohiyo ndiyo jenereta.

Kimya hicho kina hatari yake. Mtu anayetembea mbele yako kwenye eneo la maegesho hakusikii kabisa. Nimeshamfuata mzee mmoja taratibu hatua ishirini nzima, naona haya kupiga honi, mpaka akageuka mwenyewe akaruka. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelitungia sheria: tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme au haibridi linapaswa kutoa mlio likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. La kwangu ni la zamani kidogo, halina mlio huo, kwa hiyo kioo huwa nimekishusha na salamu iko mdomoni.

Mafuta sasa. Mimi hupima kwa kujaza tanki mpaka pomoni, natembea, najaza tena, nagawanya. Skrini ya gari huwa inanipendelea kidogo. Kwenye foleni za mjini napata kilomita 19 hadi 20 kwa lita. Gari langu la awali, lenye injini ya ukubwa uleule, lilikuwa linanipa 10, na siku mbaya 9. Lakini barabara kuu, nikishikilia 120, haibridi inashuka hadi 16, na lile la zamani lilikuwa linafika 14. Maana yake anayekaa barabara kuu siku nzima asitarajie maajabu. Gari hili linakula faida yake pale wengine wanapoteseka: simama, ondoka, simama tena. Ukisimama, injini inazima. Ukisogea hatua tatu, mota inakusogeza bila tone la petroli.

Safari fupi mno nazo zinaliumiza. Ukitoka asubuhi kwenda kilomita mbili, injini inawaka kwa ajili ya kujipasha moto tu, na ikishapata moto ndiyo umefika. Wiki moja nilifanya safari za hivyo tupu, nikaambulia 13 kwa lita.

Kitu kilichonibadilisha ni breki. Ukiikanyaga kwa upole, mota inageuka jenereta, gari linapungua mwendo na umeme unarudi kwenye betri; pedi hazijagusa kitu bado. Ukiikanyaga kwa ghafla, pedi zinaingia kazini na nguvu yako inaishia kuwa joto. Kwa hiyo unajifunza kuona taa nyekundu ya mbali mapema, unaachia mafuta, unaweka mguu juu ya breki kama unakanyaga yai. Pedi za mbele nimezibadilisha mara moja tu. Diski za nyuma ndizo zinazopata kutu kwa kukosa kazi, na mara mojamoja barabara ikiwa tupu huwa nabana breki kwa nguvu ili nizisugue.

Kwenye mteremko mrefu mambo ni mengine. Betri hujaa upesi, na kompyuta haikubali ijae kabisa wala iishe kabisa. Hapo ndipo ile herufi B kwenye gia inapofaa: injini inazungushwa bila kuchoma mafuta, inalizuia gari. Inapiga kelele utadhani kuna kitu kinakatika. Mara ya kwanza mke wangu aliniambia nisimamishe gari.

Na jamani, kwenye foleni msiweke N, yaani gia huru. Ni tabia niliyotoka nayo kwenye gari la zamani. Ukiwa kwenye N betri kubwa haichajiwi, ila kiyoyozi kinaendelea kuinyonya. Nilikaa hivyo kama dakika arobaini, vijiti vya betri kwenye skrini vikashuka kimoja kimoja mpaka vikabaki viwili, na rangi ikageuka. Weka D, ya kwenda mbele, kanyaga breki, tulia.

Haya, betri.

Gari nililinunua lina miaka saba, na miezi ya mwanzo nililala nikiota betri. Mwaka wa pili, siku ya joto kali, nikaanza kusikia feni inavuma nyuma ya kiti. Siku ya tatu ikatokea pembetatu nyekundu kwenye dashibodi. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akaona nyaya za rangi ya chungwa, akaifunga. Rangi hiyo ni onyo la umeme mkubwa, simlaumu kwa kuogopa, ila hukumu aliyoitoa palepale ndiyo iliyonishangaza: betri imekufa, badilisha yote. Hajapima hata volti moja. Toyota walianza kuuza Prius, gari lao la haibridi, huko Japani Desemba 1997. Yule kijana nadhani teknolojia hii imemzidi umri.

Nikaenda kwa fundi wa pili, mtu wa maneno machache. Alichomeka kompyuta yake, akanionyesha. Betri yangu ni vipande 28 vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Kompyuta inavisoma viwiliviwili, jozi 14. Akaniambia nitafute jozi iliyoachwa nyuma na wenzake. Zote zilikuwa volti 15 na ushei, zimepishana kidogo mno. "Betri yako nzima," akasema, "ila haipumui."

Akaja kwenye kiti cha nyuma, akagusa kijitundu cha plastiki pembeni, karibu na mahali abiria anapoegemeza kiwiko. Nilikuwa nimekiona kila siku nikidhani ni pambo. Kumbe ndiyo pua ya betri: feni inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia hapo ili kuipooza. Mwanangu alikuwa ametupa koti lake juu yake, sijui ni tangu lini. Feni yenyewe ilipotolewa, mapanga yake yalikuwa yamevaa vumbi na nyuzi za nguo, kitu kizito kama kipande cha godoro. Akakichambua kwa brashi ndogo, akapuliza, akarudisha. Pembetatu haijaonekana tena.

Basi nikajua betri kubwa ni nzima, nikatembea kifua mbele. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilisafiri wiki tatu, nikaliacha gari limeegeshwa na taa ya ndani inawaka, ile ndogo ya juu ya kioo. Nikarudi, milango haikujibu rimoti. Nikafungua kwa ule ufunguo mdogo uliojificha ndani ya rimoti, nikabonyeza kitufe, hakuna kitu. Betri ya volti 201 iko mgongoni kwangu ina umeme tele, na haina msaada wowote, kwa sababu anayeamsha kompyuta na kuruhusu ule umeme mkubwa upite ni betri nyingine, ndogo, ya volti 12, kama ya gari lolote. Hiyo ndiyo niliyoiua. Nayo imewekwa kwenye buti. Na buti linafunguliwa kwa umeme!

Nililaza viti, nikatambaa kuelekea nyuma na tochi ya simu mdomoni, mtu mzima na shati la kazini, natafuta kamba ya dharura. Baada ya kutokwa jasho ndipo nilipokumbuka kusoma kitabu cha gari. Kimesema wazi kwamba chini ya boneti, ndani ya sanduku la fyuzi, kuna kifuniko chekundu, na chini yake kuna ncha ya kuazimia umeme. Jirani akaleta gari lake na nyaya, dakika mbili tu, READY. Tahadhari: lako lipokee umeme wa gari jingine, lisiligawie jingine. Kuliwashia gari jingine lenye injini kubwa kwa betri ile ndogo ni kutafuta hasara.

Betri mpya ya volti 12 nayo si ya kuokota popote. Kwa kuwa inakaa ndani ya gari pamoja na abiria, lazima iwe ya aina iliyofungwa, yenye bomba la kutolea hewa nje. Nilibebeshwa ya kawaida mara moja, nikairudisha.

Kinachoniudhi bado ni kelele ninapotaka kulipita lori. Unakanyaga mafuta, injini inapaa kwa sauti, na gari linaifuata kwa uvivu. Hakuna gia za kupanda moja baada ya nyingine, ni seti moja ya meno inayounganisha injini na mota. Tena kurudi nyuma ni kazi ya mota peke yake. Kwenye mwinuko mkali, betri ikiwa chini, linasuasua.

Betri kubwa sasa ina miaka 11. Nimeanza kutenga akiba yake. Kila Jumamosi nafuta kile kijitundu kwa brashi, na koti lina mahali pake.

Mke wangu akiliendesha yeye kwa wiki nzima, nikijaza tanki nakuta kilomita 22 kwa lita. Mimi niliyesoma haya yote sijawahi kuzipata. Nilimwuliza huwa anaangalia nini kwenye ile skrini. Akauliza, skrini ipi?