Masta ya muziki nikiwa Kamalondo: nilicholipia na nilichopata

Mwaka huu nimemaliza masta ya muziki katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza bila kutoka Lubumbashi. Nimesoma miaka miwili na nusu, karibu yote usiku, chumbani kwangu Kamalondo, na baa iko ng'ambo ya ukuta. Wenzangu wa kwaya wananiuliza kama inafaa. Mimi huwauliza kwanza: unataka kuandika muziki, au unataka kuupiga?

Najua Kinshasa kuna INA, chuo cha taifa cha sanaa. Lakini kutoka kwetu Kinshasa ni ndege, na mimi nina watoto watatu na vipindi vya kufundisha sekondari. Kwa hiyo nikachagua kusoma kwa mbali.

Usajili ulinichosha kwa sababu ya neno moja: lisansi. Sisi wa mfumo wa zamani tulifanya miaka mitatu ya graduat, halafu miwili ya lisansi. Ofisi ya chuo ilipoona relevé (karatasi za alama) za lisansi peke yake, ikadhani nimesoma miaka miwili tu maisha yangu yote. Nikarudi kutafuta za graduat, nikamlipa mtafsiri aliyeapishwa, miezi miwili ikaenda. Tuma za miaka yote mitano siku ya kwanza. Diploma yangu ni ya historia, si ya muziki, na hilo halikuwasumbua: walitaka nyimbo tatu nilizotunga mwenyewe, zikiwa na nota zake, na sauti ya kwaya ikiziimba.

Masta ya kule ni krediti 180, na 60 kati ya hizo ni tasnifu. Harmonia na kontrapunto, yaani kupanga sauti zinazoimbwa pamoja, nilipata mwalimu mkali kweli. Anafungua kazi yako, anaweka alama nyekundu kila mahali sauti ya tenori na ya besi zinapopanda pamoja kwa kwinti (umbali wa nota tano), halafu anakuimbia kosa lako. Mimi nimeongoza kwaya miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kunionyesha vile. Kilichonichelewesha ni majina: mimi nimekua na do, re, mi isiyohama, yaani do ni nota ileile siku zote, wao wanasema C, D, E. Hadi leo akitaja "E flat" nahesabu kwanza vidole.

Ubaya uko kwenye kupiga. Kozi ilitangaza saa za ala, mwalimu na mwanafunzi peke yao. Nikakaa na gitaa langu mbele ya kompyuta, nikapiga, mwalimu akaniangalia kimya. Alikuwa hasikii kitu. Programu za mikutano zimetengenezwa kwa maneno ya watu. Sauti ya uzi inayodumu inahesabiwa kuwa kelele, kama feni, inafutwa. Ilichukua masomo matatu kabla mtu wa chuo hajaniambia kuna mahali pa kuzima usafishaji huo. Nilipouzima, ikaanza kula mega kama moto kwenye nyasi. Na kupiga pamoja sahau kabisa: sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 30 hivi, wawili hawawezi kushika mdundo mmoja, na kutoka kwetu hadi Uingereza inachelewa mara nyingi zaidi ya hapo. Nikaishia kurekodi, kutuma, na kusubiri maoni kwa barua pepe. Kwa pesa ile niliyolipa, waseme mapema.

Delestaji, ile kukatwa umeme kwa zamu, nilikwishaitegemea, nikanunua betri. Sikutegemea saa. Somo lilikuwa saa mbili usiku kwetu. Mwisho wa Machi Waingereza wanasogeza saa zao, sisi hatusogezi. Nikaingia nimejipanga vizuri, wenzangu wanaagana.

Sasa tasnifu. Hapa ndipo nilipopata thamani ya pesa yangu, na sikuitarajia. Nilitaka kuandika juu ya gitaa la Katanga, la kidole gumba na cha shahada, kama la mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco wa Bunkeya. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Kupitia maktaba ya chuo, kwenye skrini, nikakuta makala za mtafiti wa muziki David Rycroft za 1961 na 1962 ambamo aliandika nota za gitaa hilo, pigo kwa pigo. Rekodi za Tracey ziko ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika, Makhanda, Afrika Kusini. Likasi ni kama kilomita 120 kutoka kwangu, lakini kusoma habari za muziki wake ilibidi nipitie Uingereza. Nilikaa na hilo siku kadhaa, nina hasira na furaha pamoja.

Msimamizi wangu aling'ang'ania jambo moja: pigo la kwanza liko wapi? Wimbo unahesabiwa kwa mbili au kwa tatu? Nikaenda mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, kwa mzee mmoja ambaye bado anafunga kalamu ya risasi kwa mpira kwenye shingo ya gitaa ili apandishe sauti.

"Papa, moja iko wapi hapa?"

"Mwanangu, hatukuhesabu. Angalia watu wanaocheza, utaona wanakanyaga wapi."

Nikarekodi miguu ya watu kwenye sherehe ya ndoa ya binamu yangu. Ikawa sura ya tatu ya tasnifu, na ndiyo iliyosifiwa.

Programu ya kuandikia nota usinunue ya gharama. MuseScore ni ya bure na nimeandikia tasnifu nzima. Minervali, yaani ada ya chuo, nililipa kwa awamu, lakini benki inakata kila unapotuma, kwa hiyo awamu chache ni nafuu kuliko nyingi.

Kwa mtunzi, mwalimu au kiongozi wa kwaya naipa nne juu ya tano. Kwa mpiga ala, mbili. Na kabla ya kutoa hata dola moja, omba dakika kumi na mwalimu wa ala mwenyewe, kwenye mtandao wako wa nyumbani, saa ileile ya somo. Mpigie wimbo mzima, halafu umwombe akuimbie alichosikia.