Nilikwenda kusingwa, nikaulizwa foronya

Singo, maua yaliyotwangwa ya kusugulia mwili, nilikuwa naijua kwa harusi tu. Biharusi anawekwa ndani, anasingwa asubuhi na jioni, siku ya kutoka harufu yake inamtangulia mlangoni. Mimi si biharusi. Ni karani wa dirisha la tiketi za boti Malindi, Unguja, nina miaka 31, na chunusi zimenikaa kwenye paji la uso na kidevuni tangu Ramadhani ya mwaka jana. Zikipona zinaacha madoa. Basi shoga yangu aliponiambia kuna mama wa Kipemba Kikwajuni anayesinga wanawake kwake nyumbani kwa shilingi 35,000, sikungoja kushawishiwa.

Niseme mapema: hakuna mishumaa wala muziki wa filimbi. Unalala mkekani chumba cha uani, feni la mezani linavuma, kuku wanapita mlangoni. Mimi nilikalishwa dakika 40 kwa sababu maji yalikuwa yamekatika, na hakuna aliyeniomba radhi.

Katika kungoja huko nikaona jambo. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa na mabaka ya duara mgongoni. Mama akayatazama, akamwambia avae nguo zake. "Hii choa, mwanangu. Choa haisingwi, utaieneza mwili mzima. Nenda hospitali." Pesa hakuchukua. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Zamu yangu ilipofika, kabla ya kugusa kinu alinishika mkono akakagua viungo vya vidole. Nilijua anatafuta nini: mkorogo. Uso unaweza kuwa mweupe, lakini vidole vinabaki vyeusi vikikutoa siri. Anasema ngozi ya mkorogo imekuwa nyembamba, akiisugua inachubuka, kwa hiyo hasingi mtu mpaka awe ameacha miezi kadhaa. Nikamwambia sijawahi. (Niliwahi, wiki mbili, mwaka wa harusi ya dada yangu. Kikopo hakikuwa na hata jina la mtengenezaji. Hilo sikumwambia.)

Kisha maswali. Kichwani watia nini? Mafuta ya nazi, kila usiku. Walala umejifunga kitambaa? Hapana. Foronya umeifua lini? Kimya. Na mtandio huu, jana ulivaa huu huu? Nilihisi kama niko mbele ya mamamkwe. Lakini hebu fikiria: mafuta ya nywele yanashuka kwenye paji la uso usiku kucha, yanaingia kwenye foronya, kesho nalalia shavu mafuta ya jana. Mtandio wenye jasho la daladala naubana kidevuni kwa muda wa saa nane. Chunusi zangu zilikuwa pale pale zinapogusa nguo na mafuta, na mimi miezi yote hiyo nanunua sabuni.

Singo yenyewe ni raha. Anatwanga mbele yako: asmini, waridi, langilangi, mrehani, mpompia, kisha liwa (unga wa msandali) na manjano kidogo. Anasugua kuanzia miguuni kwenda juu, na nongo zinatoka kama nyuzi nyeusi mpaka unaona aibu, ilhali asubuhi umeoga. Mgongo wangu haujawahi kuwa laini vile. Harufu ilikaa siku mbili. Abiria mmoja dirishani aliniuliza kama naolewa.

Usoni, hata hivyo, alikataa kusugua. Chunusi zikisuguliwa zinapasuka na kuacha madoa zaidi. Alinipaka liwa tupu, nyembamba, akaiosha kabla haijakauka. Nilipomuuliza kuhusu ndimu ya kuondoa madoa, alicheka: "Ndimu ya samaki hiyo." Na ni kweli, ndimu ikikaa kwenye ngozi kisha ukatoka juani, inaunguza na kuacha alama nyeusi kuliko ile uliyotaka kuifuta.

Msio wake, ule mchanganyiko wa kusugulia wa karafuu, siupendekezi kwa mwenye ngozi kama yangu. Niliujaribu shingoni, ukawaka mpaka nikaomba maji. Yeye anasema ndiyo dawa yenyewe inavyofanya kazi. Mimi nasema hapana.

Sasa ni wiki ya saba. Foronya nafua Jumatano na Jumamosi, nazi naipaka nusu saa kabla ya kuosha nywele, mitandio nimeongeza minne. Kidevuni hakuna chunusi mpya. Madoa bado yapo, yamefifia kidogo, na mafuta ya kujikinga na jua niliyonunua mwenyewe dukani nadhani yana mchango wake. Hayo mama hakuyataja kabisa.

Singo ya kubeba nyumbani anauza pakiti 10,000. Usinunue: imekauka, harufu nusu. Lipia ya kutwangwa pale pale, na uvae kanga ya zamani. Yangu nyeupe ina alama ya manjano mpaka leo, na nimeshaifua mara tano.