Kufuta mapema au kutoa kisha kuzima?

Desemba 2023, Naughty Dog, studio ya magemu ya Sony, walitangaza kuufuta mradi wa The Last of Us Online, gemu la kuchezwa na wengi mtandaoni, baada ya miaka ya kazi. Sababu waliitaja wazi: gemu likishatoka, studio nzima ingelazimika kulihudumia kwa miaka mingi, na magemu yao ya hadithi ya mchezaji mmoja, ndiyo hasa yaliyowapa jina, yangeumia. Gemu la mtandaoni halina kumaliza. Leo ramani mpya, kesho silaha mpya, na wadanganyifu wa kufukuza kila siku.

Concord, gemu la mtandaoni la Firewalk, studio nyingine ya Sony, lenyewe lilitoka. Agosti 23, 2024, kwa dola 40, huku washindani wake wengi wakichezwa bure (hapo ndipo ninaposhangaa). Kwenye Steam, duka la magemu ya kompyuta, haikufikisha hata wachezaji 700 kwa wakati mmoja. Septemba 6 ikazimwa, wanunuzi wakarudishiwa pesa. Oktoba ikatangazwa kwamba studio yenyewe inafungwa.

Kwangu mimi, Naughty Dog walichagua hasara yenye nafuu. Mashabiki walinuna, na haki wanayo, ila studio ipo. Seva tupu haziokoleki kirahisi: unasubiri mechi, wapinzani hawatoshi, unatoka, na anayebaki anasubiri zaidi.