Kifumulio cha mpini mnene: nimekijaribu kwenye Kaunda suti chakavu

Nilikinunua kifumulio hiki, kidude cha ncha mbili cha kukatia nyuzi za mshono, kwa kazi moja: kufumua koti la Kaunda suti la zamani, kwapa zimeoza na kola imelika kwenye mkunjo, nitoe patani (vipande vya karatasi vya kukatia koti jipya) kabla halijawa dasta. Mafundi wengi hutumia wembe, lakini kitambaa kikishachoka wembe haujui uzi ni upi na nguo ni ipi.

Mpini mnene hauzunguki mkononi, na hapo ndipo pesa yake ilipo. Ncha ndefu inaingia chini ya uzi. Kile kijipira chekundu cha ncha fupi kinazuia isitoboe nguo. Usikisukume mshono mzima kama unachana gunia. Upande mmoja kata uzi kila baada ya mishono minne au mitano, geuza, vuta uzi wa upande wa pili. Unatoka mrefu.

Kilinishinda kwenye pembe za mifuko. Pale cherehani imerudi mara tatu, na ncha inazama kwenye kitambaa. Fumulia kwa ndani, upande wa uzi wa bobini, ule wa chini wa cherehani. Makali nayo yalipungua baada ya koti hilo moja. Gamu ya kola, kile kitambaa cha ndani cha kuikaza, ndiyo iliyoyamaliza.

Fumua nusu iliyo nzima zaidi tu. Nusu nyingine iache ilivyoshonwa, ikuonyeshe kipi kilitangulia. Kabla ya hapo piga bandi (mishono mirefu ya muda) ya rangi tofauti kufuata uzi wa kitambaa, yaani nyuzi zake za urefu, kwenye kila kipande, na uweke alama mkono unapokutana na bega, la sivyo utaupachika mbele nyuma. Pasi ibonyeze, usiiburute: mzunguko wa kwapa una mshazari, unavutika upesi. Kisha bana kwa pini juu ya karatasi ya kaki, uchore kwa kufuata matundu ya sindano, si ukingo. Akiba ya mshono, kitambaa kinachobaki nje ya mshono, ongeza mwenyewe. Ya koti hili ilikuwa sentimita 1 shingoni na 2.5 ubavuni. Kwapa palipooza kamilisha kwa jicho, halafu pima: ubavu wa mbele na wa nyuma lazima vilingane.

Kola ndiyo inayowaumbua wengi. Kipande cha juu kilizidi cha chini kwa milimita 3, ndiyo maana ncha zililala. Ukinakili kimoja mara mbili, zitainuka.

Nyota nne. Kifuniko kinachomoka chenyewe, usikiweke mfukoni.