Tahadhari: Udongo wa vyungu vya maua unauzwa kama udongo asilia wa matangi ya samaki

Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo, ninatoa tahadhari hii kwa yeyote anayekusudia kuotesha mimea ya majini kwa kutandika udongo chini ya changarawe. Wapo wauzaji wanaochukua udongo wa vyungu vya maua, ambao umekwisha kutiwa mbolea, wakaupakia upya katika mifuko isiyoonyesha vilivyomo, kisha wakauuza kama udongo asilia uliochekechwa na kuoshwa kwa ajili ya matangi. Mfuko mmoja wa namna hiyo ulinifikia, na jina la aliyeuuza silitaji, maana mchezo huu hauchezwi na mtu mmoja.

Udongo wenyewe hauna kosa. Njia hii, iliyopata umaarufu kupitia Mmarekani Diana Walstad, hutaka tabaka la udongo wa kawaida la sentimita 2 hadi 3, likafunikwa kwa changarawe au mchanga wa unene unaokaribiana na huo, na mimea mingi ikapandwa tangu siku ya kwanza. Hata udongo mzuri huachia amonia kidogo, ambayo ni sumu kwa samaki, mwanzoni, na mimea inayokua kwa kasi huinyonya. Udongo uliotiwa mbolea huachia kiasi ambacho mimea haiwezi kukimaliza.

Ujanja wenyewe uko kwenye kipimo. Muuzaji atakuhimiza ujaze maji na kupima amonia siku hiyohiyo; utapima, usione kitu, nawe utaamini. Lakini mbolea nyingi za vyungu zina yurea, na yurea si amonia, kwa hiyo kipimo cha matone hakiioni mpaka bakteria waivunje, kazi inayochukua siku kadhaa. Kufikia hapo samaki wamekwisha kuingizwa, nao huanza kupanda juu wakitweta huku matamvua yao yakiwa mekundu, na muuzaji ukimrudia hukuambia kwamba umewalisha kupita kiasi. (Jibu hilo wanalo tayari hata kabla hujamaliza swali.)

Chokaa huzidisha madhara. Watengenezaji wa udongo wa vyungu huiongeza ili kupunguza uchachu wa mboji, nayo inaweza kupandisha pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu ambacho hupanda uchachu unapopungua. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali ni kama asilimia 0.6 tu pH ikiwa 7, lakini hufikia kama asilimia 5 pH ikiwa 8, ingawa jumla ya amonia majini haijabadilika. Shaba, ambayo huongezwa katika baadhi ya mbolea kama kirutubishi, ni hatari hasa kwa uduvi na konokono.

Kabla ya kutandika chochote, mwaga konzi moja juu ya karatasi nyeupe na uichambue. Chembe nyeupe nyepesi zinazopondeka kwa kucha na kuelea majini ni perlaiti, ambayo huchanganywa katika udongo wa vyungu, na hiyo haitoki shambani. Vijiduara vinavyolingana ukubwa, vya njano au kijani, ambavyo ukivibana hupasuka na kutoa chumvi au majimaji, ni mbolea ya kuyeyuka polepole. Ukikiona hata kimoja, usiendelee. Matone ya siki yakitoa povu ujue kuna chokaa, ingawa povu peke yake si ushahidi wa udanganyifu, kwani udongo wa maeneo yenye mawe ya chokaa nao hutoa povu.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha mitungi miwili ya kioo: mmoja utie udongo ulionunua, wa pili utie udongo uliochimba mahali pasipolimwa wala kupuliziwa dawa, yote uijaze maji yasiyo na klorini, kisha uipime amonia mara kwa mara kwa muda wa wiki mbili. Amonia ya mtungi wa kwanza ikipanda na kuiacha ya wa pili mbali, umepata jibu, hata kama siku ya kwanza yote ilionyesha sifuri.

Aliyekwisha kuutandika asiukoroge, kwa sababu kukoroga huachia kwa mkupuo kila kilichofungwa chini. Awahamishe samaki kwanza kwenye tangi jingine lenye chujio lililokomaa, yaani lililokwisha kuota bakteria wanaoondoa amonia, ndipo avute maji na kuutoa udongo wote. Kuendelea kubadilisha maji huku vijiduara vikiwa bado chini ni kazi isiyoisha, kwani vimetengenezwa viachie mbolea kwa miezi. Udongo huo hauna haja ya kutupwa; katika chungu cha maua utafanya vizuri, maana ndiko ulikokusudiwa. Mfuko, picha za zile chembe na vipimo vya mitungi vihifadhiwe, kwa sababu muuzaji atakapodaiwa fedha atauliza kwanza ushahidi uko wapi.