Dubu wa pipi aliyerudishiwa mifupa yake: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kupiga eksirei, mwaka wa 14 huu. Mifupa naiona kuanzia asubuhi mpaka natoka, kwa hiyo niliposema nimeagiza mifupa mingine niiweke sebuleni, mume wangu aliniuliza kama nimechoka au nimeanza kuumwa.

Chanzo ni mwenzangu wa zamu. Juu ya kabati lake kuna SpongeBob mdogo wa plastiki, yule sifongo wa katuni, nusu mzima, nusu kapasuliwa, na ndani ya ule mraba wa njano kuna fuvu lenye meno mawili ya mbele na utumbo uliojikunja. Sifongo halisi wa baharini hana hata mfupa mmoja, wala moyo, wala utumbo, lakini huyu ukimwangalia unaamini. Nikamuuliza kampata wapi. Akanielekeza kwa msanii: Jason Freeny, Mmarekani aliyesomea usanifu wa bidhaa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichukua midoli ambayo dunia nzima inaijua, Barbie, vile vijitu vya LEGO, Hello Kitty, anakata upande mmoja, kisha anafinyanga kwa mkono viungo vya ndani ambavyo mdoli huyo angekuwa navyo kama angekuwa hai. Ile ya kwake mwenzangu imetoka kwenye mkusanyiko unaoitwa XXRAY, alioutengeneza pamoja na kampuni ya Mighty Jaxx ya Singapore. Inakuja ikiwa kamili, unatoa kwenye boksi unaweka kabatini.

Mimi nilitaka ya kuunga mwenyewe, kazi ya Freeny huyohuyo. Nikachagua mdoli wa dubu wa pipi, zile pipi laini za jeli zenye umbo la dubu.

Niliagiza kupitia wakala wa mizigo Kariakoo, na pamoja na usafiri ikanifikia kwa kama Sh 80,000. Ghali, najua. Ushauri wangu kwa anayetaka kununua: omba picha ya boksi kabla ya kulipa, na hakikisha jina la msanii limeandikwa pale. Nakala za kuiga zipo, na kwenye kazi ya aina hii kila kitu kinategemea ukingo mkali wa mbavu na meno. Ukishalainishwa ukingo huo, unabaki na kipande cha plastiki kilichoyeyuka.

Dubu mwenyewe ana kimo cha chupa ndogo ya soda. Upande mmoja ana ngozi inayopitisha mwanga, wangu ni mwekundu, na upande wa pili yuko wazi. Viungo vinakuja vipande vipande na unachomeka kimoja baada ya kingine. Hapa ndipo nilipofurahi kweli, na ninaomba nieleze kidogo. Msanii mvivu angechukua mifupa ya binadamu akaipunguza ikaenea ndani ya dubu. Freeny hakufanya hivyo. Dubu wa pipi hana shingo, kwa hiyo fuvu limekaa moja kwa moja juu ya mabega. Mikono yake ni vijivimbe tu, kwa hiyo mifupa ya mikono ni minene na mifupi kama vishina vya muhogo. Kichwa ni kikubwa kuliko haki yake, basi na fuvu nalo limepanuka, matundu ya macho yakawa makubwa. Yaani alianza na umbo la nje, akajiuliza ni mifupa gani ingelazimika kuwepo ili umbo hilo lisimame. Ndiyo kazi tunayoifanya sisi kila siku, ila sisi tunaanzia ndani tukitoka nje. Nilijikuta namshika nikimgeuza kama ninavyomgeuza mgonjwa mezani, natafuta upande mzuri wa kupiga.

Sasa makosa yangu. La kwanza, sikuhesabu vipande nilipofungua. Usiku nikagundua mkono wa kushoto haupo, nikamlaumu kimoyomoyo kila mtu kuanzia kiwandani mpaka bodaboda. Asubuhi binti yangu akaukuta kwenye takataka alizozikusanya kwa fagio chini ya friji. Hesabu kwanza, tena juu ya kitambaa.

La pili ndilo lililoniuma. Kiungo kimoja cha mguu kilikuwa kinalegea, nami bila kufikiri nikaenda dukani nikanunua supaglu. Gundi ile ilishika vizuri. Lakini moshi wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na nilipoamka paja zima la dubu, upande wa ngozi nyekundu, lilikuwa limefifia kama kioo cha gari asubuhi ya Lushoto. Nimesugua kwa kitambaa na mafuta ya kupikia, pamepungua, hapajaisha. Kama kipande kinalegea, funga ncha yake kwa uzi mwembamba ndipo uchomeke, au tumia gundi nyeupe ya mbao, kidogo sana. Supaglu iache kwa ajili ya viatu.

Karatasi ya maelekezo haisaidii. Ni michoro yenye mishale, hakuna jina la kiungo hata kimoja. Binti yangu yuko darasa la tano na aliuliza maswali ambayo karatasi haina majibu. "Mama, huyu ini lake liko wapi?" Nikamwonyesha. "Na bandama?" Hapo nikatafuta nikakosa. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeisahau. Kwa hiyo usinunue ukitegemea kufundishia mtoto mtihani wa sayansi. Na kwa watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, usithubutu: kuna vipande vidogo kuliko punje ya karanga, tena vina sura ya pipi.

Mama mkwe wangu alikuwepo tukimalizia. Alimtazama dubu muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hizi si ndizo zile pipi za mafuta ya nguruwe?" Nikamwambia mama, huyu ni plastiki. Lakini hoja yake ilikuwa na maana zaidi ya alivyodhani. Si mafuta, ni jelatini, na jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe au ng'ombe, mpaka ule uteute unaoshikilia mwili wao utoke. Ndiyo maana kampuni ya pipi ya Haribo, waliomtoa dubu huyu mwaka 1922 kule Bonn, Ujerumani, wana pia za halali zinazotengenezwa Uturuki kwa jelatini ya ng'ombe. Kwa hiyo pipi isiyo na mfupa hata mmoja asili yake ni ngozi na mifupa. Sijui kama Freeny aliliwaza hilo alipokuwa anachora, ila tangu mama mkwe aseme vile, mimi kila nikimtazama dubu wangu namwona kama kiumbe aliyerudishiwa mali yake.

Jelatini hiyohiyo, kwa njia, hutumika kufundishia watu wa ultrasaundi. Unaichemsha, unaigandisha kwenye bakuli ukiwa umezamisha kitu ndani, kisha mwanafunzi anajifunza kuelekeza sindano akitazama skrini, kwa sababu mawimbi hupita humo karibu kama yanavyopita kwenye nyama. Tumechoma sindano nyingi kwenye jeli kabla ya kumkaribia mtu.

Na kabla hujauliza, kama kila mtu kazini alivyouliza: hapana, sijampiga eksirei. Mashine ni ya wagonjwa. Hata ningempiga, ingekuwa aibu kwake. Mfupa wetu unatoka mweupe kwenye picha kwa sababu una kalsiamu inayozuia miale kuliko nyama. Mbavu za huyu na ngozi yake zote ni plastiki, kwa hiyo zingetoka kijivu kimoja, kivuli cha dubu mnene, na mifupa ile yote niliyoisifu ungebaki kuibahatisha kwenye kingo tu.

Nikilinganisha na SpongeBob wa mwenzangu: wake una rangi nzuri zaidi, na hauhitaji subira wala gundi. Ukitaka pambo la mezani au zawadi ya mtu asiyependa kuhangaika, chukua ya aina ile. Wa kuunga unamfaa mtu anayetaka kuvishika viungo mkononi, avipange, akosee, atoe tena. Mimi nilitumia jioni mbili na nusu, na ile nusu ilikuwa ya kusugua paja.

Nikipewa nyota tano nagawa nne. Moja nimeikata kwa karatasi ya maelekezo. Paja sijalihesabu, hilo ni langu. Sasa nimeshaagiza wa pili, mbwa wa puto, wale wanaosokotwa kwenye sherehe za watoto, kiumbe ambaye ndani mwake halali yake ni hewa tu. Binti yangu ameshauliza kama na yeye hatakuwa na bandama.