Kozi ya utangulizi wa uzamiaji wa kiufundi niliyoifanya Msasani

Mwalimu alitupeleka upande wa Bongoyo unaotazama bara, maana kaskazi ilikuwa inavuma na upande wa pili bahari ilichafuka. Mita sita, chini mchanga mtupu. Akatuashiria tuelee kifudifudi, magoti tumeyakunja, tusipige mapezi kwa dakika tano. Daftari langu lina mbizi 61, nimeshashuka Mnemba na Mafia, hivyo sikuona ugumu wowote. Dakika ya pili pezi langu lilikuwa limeshatimua mchanga na mwenzangu hanioni tena.

Hiyo ndiyo kozi yenyewe. Inaitwa Intro to Tech, ya TDI, shirika linalofundisha uzamiaji wa kiufundi, yaani ule unaovuka mipaka ya uzamiaji wa kawaida wa burudani, na mimi niliifanya kwa siku tatu mwezi Februari kwenye kituo kimoja cha rasi ya Msasani. Wengi wanaoniuliza hudhani utashushwa kwenye kina kikubwa. Hushushwi. Hutoki nje ya kina ambacho cheti chako kinakuruhusu, na hakuna mbizi ya kupanda kwa vituo vya lazima, yaani kusimama njiani ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke taratibu. Unafundishwa kutulia, kubeba vifaa vipya na kupiga hesabu ya hewa.

Hesabu ndiyo iliyonigusa zaidi. Jioni ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni hewa ya kubakiza ili wawili wafike juu kwa mtungi mmoja: mita 30, mgandamizo mara nne ya ule wa juu ya maji. Watu wawili walioshtuka, kila mmoja akivuta lita 30 kwa dakika, kule chini wanamaliza lita 240 kila dakika. Wape dakika moja ya kutatua tatizo. Kisha dakika tatu za kupanda, mita 10 kwa dakika, mgandamizo wa wastani mara mbili na nusu: lita 450. Jumla 690. Gawa kwa mtungi wa lita 12, unapata karibu bar 58, bar ikiwa kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini.

"Na hapo bado hujasimama mita tano kwa tahadhari, dada," akaniambia.

Miaka yote nimekuwa nikianza kupanda nikiona bar 50. Usiku ule nilichelewa kulala, nikiwafikiria wadogo zangu ambao nimewahi kushuka nao kwa hesabu hiyo.

Vifaa navyo vina mantiki yake. Mgongoni unabeba mitungi miwili iliyounganishwa, katikati kuna koki ya kuitenganisha iwapo upande mmoja unavuja. Mpira wa hewa unayovuta ni mrefu, kama mita mbili, na kifaa cha akiba cha kuvutia hewa unakivaa shingoni kwa kamba ya kuvutika. Mwenzako akiishiwa, unampa kilicho mdomoni mwako, wewe unachukua cha shingoni. Aliyeishiwa hewa anahitaji kifaa ambacho hakina shaka, na hicho ndicho ulichokuwa unavutia sekunde moja iliyopita. Tulifanya zoezi hilo mpaka mikono ikazoea kabla ya akili.

Mwalimu alikuwa mzuri sana. Slaidi zote ni za Kiingereza, lakini yeye alieleza kwa Kiswahili chetu. Kile kina ambacho ukiwa na deni la naitrojeni huruhusiwi kukipita kwenda juu, alikiita dari. Usipoweza kutulia chini ya dari usiloliona, alisema, usiingie nyumba hiyo.

Kituo chenyewe kina kasoro. Koki ya bega la kushoto kwenye seti yangu ilikuwa ngumu kiasi kwamba siku ya pili sikuweza kuifunga peke yangu, na kufunga koki ndilo zoezi kuu. Nilisema, wakaibadilisha kesho yake asubuhi. Ilipaswa ikaguliwe kabla sijaivaa. Ngazi ya boti pia ni nyembamba mno kwa mtu mwenye mitungi miwili.

Nililipa milioni moja na laki mbili, boti na mitungi ndani yake. Kwa niliyojifunza, sijutii.

Ukilinganisha na nyingine: Tec 40 ya shirika jingine, PADI, inakupeleka mbele zaidi, mpaka mita 40 na vituo vya lazima visivyozidi dakika 10, lakini inadai uwe na mbizi 30, kumi kati yake za hewa iliyoongezwa oksijeni na zilizopita mita 18. Ningeianza hiyo moja kwa moja, ningejifunza vituo vya lazima huku bado natimua mchanga. Fundamentals ya GUE, shirika la tatu, nayo haina vituo vya lazima, na kwa kukaa sawa majini inasifika kwa ukali. Mwenye nafasi ya kusafiri na aifanye. Mimi likizo yangu isingetosha.

Siku ya tatu nilikaa dakika tano zote, nikipanda na kushuka kidogo tu kwa pumzi. Samaki wadogo wenye mistari walikuja wakasimama mbele ya kioo changu. Tangu hapo kila Jumamosi bahari ikiruhusu narudi pale pale Bongoyo na mwenzangu, kwenye mchanga ule ule. Tec 40 nitaiomba Novemba.